Miaka ya Wazee Hutoka Wapi?

Liko neno lisemwalo gizani katika vijiji vingi vya nchi zetu, lisilosemwa mbele ya padre wala mbele ya mwalimu. Mtu akiisha kuishi miaka mingi, akawazika ndugu zake, akawazika wanawe, akazika na wajukuu kadha wa kadha, watu huanza kuhesabu makaburi. Husema, "Huyu mbona hafi? Miaka anayoila ni ya nani?" Nao hawasemi kwa kustaajabu tu. Maana yao ni kwamba uhai ni kama nafaka katika ghala moja la ukoo, na ya kuwa mzee akizidi kuishi, hana budi amechota katika fungu la vijana.

Neno hili si la mchezo. Katika nchi ya Wasukuma, upande wa Mwanza na Shinyanga, vikongwe wengi, wanawake hasa, wamekatwa kwa mapanga usiku kwa kudhaniwa wachawi, na katika miaka mingine hesabu ya waliouawa hivyo katika Tanzania ilifika mamia. Huko Kilifi, katika pwani ya Kenya, wako wazee waliopaka mvi zao rangi nyeusi, si kwa kutaka urembo, bali kwa kuogopa kuuawa. Mara nyingi mambo hayo yakichunguzwa huonekana kuna shamba nyuma yake, ambalo kijana fulani amechoka kulingojea. Wala hatuwezi kujifariji kwa kusema kwamba wote wafanyao hayo, au wanyamazao yakifanyika, ni watu wasiolijua kanisa.

Basi sisi twataka kuliuliza swali hilo mchana, mbele ya watu wote. Miaka mingi ya kiumbe hutoka wapi? Na kwa kuwa Sulemani alimtuma mvivu kwa chungu apate kujifunza, sisi nasi twajipa ruhusa ya kwenda kwa wanyama, kwa wale hasa waliopewa maisha marefu kuliko wenzao, tuwatazame kwa makini. Huenda wakatuonyesha na mambo machache juu ya kuzeeka vema, ambayo kila mmoja wetu atayahitaji akijaliwa.

Tuanze na mmoja asiye na sura ya kutisha. Mwaka 2006 wataalamu wa chuo kikuu cha Bangor, katika nchi ya Wales, walikwenda katika bahari ya Iceland, wakakokota kutoka chini kombe mmoja, yaani mnyama wa baharini akaaye kati ya magamba mawili, ambaye ungeweza kumfumbata mkononi. Gamba la kombe wa namna ile huongezeka mstari mmoja kila mwaka, kama mti uongezavyo duara ndani ya shina lake. Walipoihesabu mistari mara ya kwanza walipata mia nne na kitu. Wakarudia kwa uangalifu zaidi, na mwaka 2013 wakatangaza hesabu iliyo sawa: miaka 507. Maana yake ni kwamba kombe yule alianza maisha yake mwaka 1499, mwaka mmoja tu baada ya Vasco da Gama kutia nanga Mombasa na Malindi. Ngome ya Yesu ilikuwa haijajengwa. Wareno wakaja wakaondoka, wakaja Waarabu wa Oman, wakaja Wadachi na Waingereza, bendera zikapandishwa na kushushwa, naye yumo mchangani akichuja maji apate chakula. Mwisho wake ulikuwa wa kusikitisha kidogo, maana waliomvua ndio waliomgandisha kwa baridi melini pamoja na wengine, wasijue wamemshika nani.

Katika bahari hizo hizo za kaskazini, penye barafu, yuko papa wa Greenland. Huyu hana magamba ya kuhesabiwa mistari, lakini wataalamu waligundua kwamba kiini cha jicho lake hufanyika kabla hajazaliwa wala hakibadiliki tena, wakakipima. Mwaka 2016 walitoa habari za papa 28 waliowapima hivyo. Mkubwa wao, jike mwenye urefu wa mita 5, walimkisia kuwa na miaka 392. Na wakikisia kwa uchache kabisa, miaka 272. Tena yuko nyangumi wa kichwa kikubwa aishiye karibu na Alaska. Mwaka 2007 wavuvi wa huko walimwua mmoja, na walipokuwa wakimkata wakakuta ndani ya nyama yake kipande cha chusa cha chuma cha namna iliyoundwa mjini New Bedford, Marekani, yapata mwaka 1880 na kidogo. Amekuwa nacho mwilini zaidi ya miaka mia moja. Mwenziwe mmoja amepimwa akaonekana kupita miaka 200.

Sasa tuwaulize wale wanenao gizani: kombe yule wa Iceland alikula miaka ya nani? Hana ukoo. Mayai yake huyamwaga baharini, asijue hata mmoja aliyemzaa. Papa yule hana mjukuu wa kumnyang'anya, wala hakai katika kijiji. Ikiwa miaka mingi haipatikani ila kwa kuiba, hawa waliiba kwa nani?

Watu wa elimu ya viumbe wana jawabu jingine, nalo si gumu kulielewa. Mkulima wa mpunga akitaka kuwafukuza ndege, hujenga kibanda shambani. Atafuta miti myembamba, afunge kwa kamba za miyaa, aezeke makuti machache, basi. Hachimbi msingi, wala hatumii nguzo za mvule. Kwa nini? Si kwa uvivu. Ni kwa kuwa mavuno yakiisha kibanda hakina kazi tena, na nguzo za mvule zingekuwa hasara tupu. Lakini ajengapo nyumba ya kukaa na wanawe hujenga kwa namna nyingine, na kila mwaka hukandika ufa, hubadili makuti yaliyooza.

Miili ya wanyama ndivyo ilivyo. Panya ana adui wengi: bundi, nyoka, paka, na watoto wetu wenye mitego. Panya wengi wa porini hawamalizi hata mwaka mmoja. Basi mwili wake umefanywa kama kibanda cha shambani. Nguvu zake zote huziweka katika kuzaa upesi, na kidogo sana katika kujitengeneza. Hata akifugwa mahali pa salama, penye chakula tele, akifika miaka 3 amekwisha kuwa kikongwe. Lakini popo, ambaye si mkubwa kuliko panya, hupaa angani na kujificha mapangoni, na adui zake ni wachache. Kule Siberia alipatikana popo wa uzito wa gramu 7 hivi, aliyekuwa ametiwa alama, akahesabiwa miaka 41. Kobe naye ana ngome yake mgongoni. Mwingereza aitwaye Thomas Kirkwood aliyaeleza mambo hayo mwaka 1977, ya kwamba kila mwili una nguvu za kiasi, na lazima uzigawanye kati ya kuzaa na kujikarabati. Na yule ambaye ulimwengu utamwua upesi hapati faida kwa kujikarabati sana.

Kwa hiyo miaka haitoki katika fungu la mwingine. Yatoka katika jinsi mwili ulivyojengwa, na jinsi unavyozibwa nyufa zake kila siku.

Yafaa tukae kidogo na mnyama mmoja wa kwetu, maana wageni wamekuja kutoka mbali kumsoma na sisi wenyewe twampita. Katika nchi kavu za Kenya, Somalia na Uhabeshi, chini ya ardhi, yuko fuko asiye na manyoya. Kwa sura hakupewa kitu: ngozi imekunjamana, macho hayaoni vizuri, meno yametoka nje ya midomo. Ukimtazama ungesema amezaliwa mzee. Ukubwa wake ni kama wa panya, lakini huishi zaidi ya miaka 30. Bibi Jennifer Jarvis, aliyeanza kuwafuga alipokuwa akisoma Nairobi, alionyesha mwaka 1981 kwamba hukaa kama nyuki: katika shimo moja wamo makumi ya fuko, na malkia mmoja tu ndiye azaaye, wengine huchimba, hutafuta mizizi, hulinda na kulea.

Ajabu yake kubwa ni hii. Mwaka 1825 Mwingereza Benjamin Gompertz aliandika kwamba kwa binadamu hatari ya kufa huongezeka kwa kanuni. Na hesabu za siku hizi zaonyesha kwamba mtu mzima, kila apitapo miaka 8 hivi, hatari yake ya kufa yawa mara mbili. Farasi na mbwa pia hatari yao hupanda, kila mmoja kwa mwendo wake. Lakini mwaka 2018 zilitolewa kumbukumbu za fuko zaidi ya 3,000 waliofugwa kwa muda wa miaka 30 na zaidi, na hatari yao haikuonekana kupanda. Fuko wa miaka 20 alikuwa karibu sawa na wa miaka 2. Wako wataalamu wengine waliobisha, wakasema kwamba waliozeeka kabisa bado ni wachache mno kuhukumiwa. Nasi twaona ubishi huo ni wa haki. Fuko si malaika, naye hufa. Hata saratani, ambayo zamani walidhani haimpati kamwe, ilionekana kwa wachache mwaka 2016. Lakini hakuna abishaye kwamba huishi mara kumi ya panya wa kimo chake, na kwamba malkia aendelea kuzaa mpaka uzeeni.

Walipotafuta siri yake hawakukuta dawa moja. Walikuta fundi wengi. Kati ya chembe za mwili wake, ziitwazo seli, mna ute mzito ambao habari zake zilitolewa mwaka 2013, uzuiao seli zisisongamane na kuwa uvimbe. Seli zake huangalia sana protini zisiharibike, na zilizoharibika huondolewa. Tembo naye, mwenye mwili mkubwa na seli nyingi mno, ingempasa augue saratani kila mara, nayo si hivyo. Mwaka 2015 ilionekana kwamba ile jeni iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuzuia seli mbovu isizae, yeye anazo nakala 20, na sisi tumerithi moja kwa kila mzazi. Nyangumi wa Alaska, kwa habari zilizotolewa mwaka 2025, ni hodari wa kuunga uzi wa urithi ukikatika ndani ya seli. Kila mmoja ana njia yake, na njia zote ni za ukarabati.

Twasema haya kwa sababu wako wachuuzi wa dawa za ujana, na wengine huja na pembe, na mafuta, na vidonge vyenye picha ya kobe juu ya kikopo. Maisha marefu ya mnyama hayahami kwa kuliwa. Kasa wa baharini huishi miaka mingi, na watu wa visiwani huona nyama yake ni tunu. Lakini mwezi wa Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watu 9 walikufa kwa kula nyama ya kasa yenye sumu, na 8 kati yao walikuwa watoto.

Je, kuna tuwezalo kuiga? Mengi hatuwezi. Papa wa Greenland huishi polepole katika maji ya barafu, na wataalamu hukisia kwamba hafikii umri wa kuzaa mpaka yapata miaka 150. Ni nani kati yetu angetaka ujana wa namna hiyo? Wala hatuwezi kujiongezea nakala za jeni. Lakini kuziba nyufa tunaweza, na hapo twaona watu wetu wana uzembe mwingi. Mtu huchukua baiskeli yake kwa fundi ikilia kidogo tu, lakini presha yake haipimi mpaka aanguke upande mmoja. Tembo hupewa magego mara sita katika maisha yake. Seti ya mwisho ikisagika, yapata miaka 60 au zaidi, hawezi tena kutafuna, naye hudhoofika akafa, hata kama moyo wake ni mzima. Sisi tumepewa meno mara mbili tu, na ya pili huanza kutoka mtoto akiwa na miaka 6. Hata hivyo twafungua soda kwa meno. Tumbaku, pombe kali, na chumvi nyingi katika chakula, ni kama kutoboa makuti kwa makusudi masika yakikaribia. Hatutayaeleza zaidi, maana mabwana wa afya huyaeleza vizuri, na kinachokosekana si maelezo.

Huenda msomaji Mkristo akauliza: je, yafaa kutamani miaka mingi? Methusela alipewa miaka 969, na Maandiko hayatuambii alifanya nini nayo, ila kwamba alizaa wana na binti, akafa. Sulemani alipoambiwa aombe atakalo hakuomba maisha marefu, na jambo hilo likahesabiwa kuwa jema. Tena tukumbuke yule mzee Barzilai wa Gileadi, aliyekuwa na miaka 80, mfalme Daudi alipomwalika aende kukaa naye Yerusalemu. Alikataa kwa adabu, kwa kuwa ulimi wake haukuonja tena utamu wa chakula, na masikio yake hayakufurahia waimbaji. Akamtoa kijana aende mahali pake. Sisi twampenda mzee huyo. Hakujidai kuwa kijana, wala hakulalamika. Aliujua uzee wake kama mkulima ajuavyo shamba lake. Lakini angalieni kwamba Barzilai huyo huyo, mzee, ndiye aliyekuwa amemlisha mfalme na watu wake wote walipokuwa wakimbizi ng'ambo ya Yordani. Hakuwa mtu wa kulishwa tu.

Na hapo ndipo tembo wana neno kwetu. Tembo jike huishi miaka 60 na zaidi, na jamaa ya majike na ndama huongozwa na jike mzee. Katika Amboseli, ambako Bibi Cynthia Moss alianza kuwaandika tembo mmoja mmoja mwaka 1972, wataalamu walipiga sauti za tembo zilizonaswa, wakatazama jamaa zitafanyaje. Mwaka 2001 walieleza kwamba jamaa zenye kiongozi mzee zilijua upesi sauti ya rafiki na ya mgeni; zenye kiongozi kijana zilihangaika bure, au zilishindwa kutambua. Mwaka 2011 walieleza tena kwamba wazee hutambua vizuri ngurumo ya simba dume, ambaye ni hatari zaidi kwa ndama kuliko simba jike.

Lakini habari ituchomayo zaidi ni ya Tarangire, Tanzania. Mwaka 1993 ulikuja ukame mkali, na katika miezi 9 ndama 16 kati ya 81 walikufa. Vilikuwapo vikundi vitatu vya tembo. Viwili viliondoka katika hifadhi vikaenda kutafuta maji na malisho mahali pengine; kimoja kilibaki, na katika wale ndama 16 waliokufa, 10 walikuwa wa kikundi hicho kilichobaki. Charles Foley na wenziwe, waliowasoma tembo hao, walikumbuka ule ukame mwingine mkubwa wa miaka ya 1958 hadi 1961. Tembo waliokuwa hai wakati ule, wakiwa ndama miguuni mwa mama zao, ndio ambao mwaka 1993 walikuwa na umri wa kutosha kuongoza. Katika kile kikundi kilichobaki, wazee wa umri huo hawakuwamo. Na majangili katika miaka iliyotangulia walikuwa wamewaua tembo wazee wengi kwa ajili ya pembe zao. Ilikuwa njia ya maji imefutika pamoja na vichwa vilivyoijua. Aliyepiga risasi mwaka 1980 aliua na ndama wa mwaka 1993, ambaye alikuwa hajazaliwa.

Mtu asiseme kwamba hayo ni ya tembo tu. Karibu na ziwa Eyasi wanakaa Wahadzabe, wachimbao mizizi na kuwinda. Bibi Kristen Hawkes na wenziwe, waliokaa nao katika miaka ya 1980, walipima kazi ya kila mtu kwa saa na kwa mizani. Wakaona kwamba wanawake waliokwisha acha kuzaa ndio waliofanya kazi kwa saa nyingi, wakichimba viazi mwitu katika ardhi ngumu. Na mama akiisha kupata mtoto mchanga, asiweze kwenda mbali, uzito wa yule mtoto aliyeachishwa ziwa ulifuata kazi ya bibi yake. Bibi akileta vingi, mjukuu hunenepa. Kutokana na hayo wako wataalamu wasemao kwamba ndiyo sababu mwanamke wa kibinadamu huishi miaka mingi baada ya kuacha kuzaa, jambo lililo nadra sana katika wanyama. Ikiwa hesabu hiyo ni sawa, basi wanenao gizani wameigeuza juu chini: si bibi aliyekula miaka ya wajukuu, bali wajukuu wameishi kwa miaka ya bibi.

Hata hivyo mtu aweza kutujibu, "Mwalimu, umetueleza habari za kombe na fuko. Lakini bibi yule wa kwetu amezika wana watano, naye yupo. Elezeni hilo." Ni swali la mtu mwenye msiba, na lastahili jawabu la heshima. Tulijibu hivi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walionekana Kagera, na kwa miaka ishirini iliyofuata, kabla dawa hazijafika vijijini, ugonjwa ule ulichagua kwa jinsi usivyochagua ugonjwa mwingine. Uliwaacha watoto wengi, ukawaacha wazee, ukachukua wa katikati: mwalimu, dereva, mama mwenye kunyonyesha. Katika vijiji vingi ikabaki nyumba ya bibi mmoja na wajukuu sita. Je, alikuwa amewala wanawe? Alikuwa amewauguza, akawaosha, akawazika, kisha akashika jembe akiwa na miaka 70 kwa sababu wako waliokuwa wanataka uji. Malaria nayo huua watoto wadogo kuliko wakubwa, kwa kuwa mkubwa amekwisha pambana nayo mara nyingi na mwili wake umejifunza. Mzee aliyebaki ni yule ambaye maradhi ya utoto yalimjaribu yakamshindwa, miaka 70 iliyopita, kabla yeyote wa wale anaodhaniwa kuwala hajazaliwa.

Tuseme na habari moja ya kobe, kisha tumalize kwa jambo la nyumbani. Wasomaji wa Unguja wamewaona kobe wakubwa wa Changuu, ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Mwenzao mmoja alipelekwa mbali zaidi, kisiwa cha St Helena, mwaka 1882, akiwa amekwisha kuwa mkubwa. Jina lake Jonathan, na mwaka 2022 ilikisiwa kwamba ametimiza miaka 190. Uzee ulimfikia hata yeye: macho yake yaliingia mtoto wa jicho akawa kipofu, na pua yake haikunusa tena. Kwa hiyo katika majani tele alikuwa hapati chakula cha kutosha, akakonda, na mdomo wake, ulio mgumu kama wa kasuku, ukawa laini, haukati. Mganga wa wanyama wa kisiwa kile akaanza kumlisha kwa mkono mara moja kila juma, matango, karoti, ndizi na mapera. Mwili ukarudi, na mdomo ukawa mkali tena, hata mlishaji ikambidi avae glovu nene. Hakuna mtu katika St Helena aliyeuliza anakula miaka ya nani.

Jambo la nyumbani ni macho mekundu. Katika Usukuma na mahali pengine, macho mekundu ya kikongwe yamehesabiwa kuwa alama ya uchawi. Sisi waalimu tumeingia katika majiko hayo na twajua wekundu ule watoka wapi. Mama amepika miaka 50 katika chumba kisicho na dirisha, kwa kuni mbichi, na mahali ambapo miti imekwisha hutumia mavi ya ng'ombe yaliyokauka, ambayo moshi wake huchoma zaidi. Moshi huo huo huingia mapafuni mwake, na mwa mtoto aliye mgongoni. Kuuondoa si kazi kubwa: tundu pana ukutani upande wa upepo, jingine chini ya paa, na jiko la udongo lenye dohani. Wavulana wa darasa la sita na la saba wajifunzao kazi za mikono wanaweza kukanda udongo na kulijenga, nasi twapendekeza kwamba kila shule ya misheni ianze na nyumba za wajane wazee walio karibu na kanisa, masika haijaanza, udongo upate kukauka.